Mtoto ana homa siku ya sita, damu inaonyeshaje moyo?

Mama uliyeuliza kwanini daktari kaagiza "damu ya moyo" wakati mtoto ana homa tu na macho mekundu, pole sana, mimi nilipita hukohuko mwaka juzi, wangu alikuwa na mwaka na miezi miwili.

Zahanati ya mtaani malaria hamna, wakasema UTI, antibayotiki siku tatu na homa ipo palepale 39, midomo imepasuka inavuja damu, ulimi mwekundu una vidotidoti. Hospitali ya pili daktari wa watoto akamshika viganja vimevimba, akasema nahisi Kawasaki. Mi nikajua anaongelea pikipiki aisee, kumbe ni jina la daktari wa Japani aliyeuandika huu ugonjwa 1967.

Sasa vipimo vya damu. CRP ilikuwa 148, hiyo inasema tu mwilini kunawaka moto, haisemi wapi. Troponini inavuja misuli ya moyo ikiumia, yake ilikuwa kawaida. NT-proBNP moyo wenyewe unaimwaga ukielemewa, hiyo ilikuwa juu. Nikashika ile troponini nikashusha pumzi, dokta akanikatisha hapohapo: tunachoogopa ni mishipa inayolisha moyo kutanuka kama puto, na inaweza kutanuka troponini imetulia zake. Damu inamshtua daktari, mishipa anaiona kwenye ECHO, ile ultrasaundi ya moyo. Kwahiyo wakikwambia majibu ya damu safi, bado ulizia ECHO, na muulize leo homa ni siku ya ngapi, maana ile dripu ya IVIG, yaani kingamwili kutoka damu ya wachangiaji, inatakiwa iingie kabla siku kumi hazijaisha. Asiyetibiwa, mpaka mmoja kati ya wanne mishipa inatanuka.

Dozi ni gramu 2 kwa kilo, wangu alikuwa na kilo 10 zikaenda gramu 20, ilidondoka usiku kucha, bei yake acha tu. Na aspirini, ila hiyo usijipimie nyumbani.

Wiki ya pili ngozi ya vidole ikaanza kubanduka kuanzia kwenye kucha, pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zimepanda mpaka 780 elfu, na ESR, kipimo kingine cha huo moto wa mwilini kama CRP, imepanda nikalia, kumbe IVIG yenyewe inaipandisha ESR, nililia bure. ECHO ya wiki ya sita mishipa ilikuwa sawa. Halafu ukishapewa dripu waambie kliniki, chanjo ya surua ya miezi 18 sisi tuliisogeza, ni mpaka miezi 11 ipite tangu dripu.