Hinanbasho si hinanjo

Msomaji mmoja anayejiandaa kwenda kusoma Sendai ameuliza aanze na maneno gani ya Kijapani ya dharura. Orodha za mtandaoni zina maneno hata mia. Siku ya tetemeko utasikia kumi hivi, tena kwenye vipaza sauti vya mtaani vyenye mwangwi. Zoeza sikio kwanza, kanji (herufi zao zenye asili ya Kichina) zitafuata. Irabu zao ni kama zetu. Kazi ni kusikia zinapovutwa.

Shina ni hinan, kukimbilia usalama. (Kuna hinan nyingine yenye maana ya kulaumu, matamshi yaleyale. King'ora kikilia, hakuna anayekulaumu.) Wageni hujikwaa kwenye maneno mawili yenye shina hilo. Hinanbasho, 避難場所, ni pa kuokolea roho: kilima, uwanja, jengo refu. Hinanjo, 避難所, ni pa kulala hatari ikishapita, mara nyingi ukumbi wa michezo wa shule. Kwenye ubao, hesabu herufi: nne kwa tatu. Machi 11, 2011, huko Unosumai, Kamaishi, watu wengi walikimbilia kituo cha maafa ambacho hakikutengwa kuwa kimbilio la tsunami, na maji yakawaulia humohumo. Mwaka 2013 sheria ilirekebishwa ili aina hizo mbili zitenganishwe. Hata hinanbasho huwa na janga lake: panapofaa kwa moto huenda pasifae kwa tsunami. Alama ya tsunami ni mtu anayepanda mlima, wimbi likiwa nyuma yake.

Tangazo la tsunami nalo lina ngazi. Tsunami chuuihou ni wimbi lisilozidi mita 1: toka majini, ondoka ufukweni. Tsunami keihou ni hadi mita 3. Ootsunami keihou ni zaidi ya hapo. Ukisikia hiyo "oo" ndefu mwanzoni, acha begi. Takadai ni mahali pa juu, na nigete ni "kimbia". Tetemeko la Noto lilipopiga Januari 1, 2024, mtangazaji wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, alipaza sauti kabisa kuhimiza watu wakimbie.

Kwa mvua na mafuriko sikiliza namba. Reberu (ngazi) 3 ni wazee na wote wanaohitaji muda waanze kuondoka. Reberu 4, hinan shiji (amri ya kuhama), kila aliye eneo la hatari awe ameondoka. Ukingoja 5 umechelewa, maana wakati huo huenda maafa yameshatokea. Kitabu kinachofundisha hinan kankoku (ushauri wa kuhama) kama tangazo linalotumika ni cha zamani. Lilifutwa Mei 2021.

Ukipiga 119 utaulizwa: "Kaji desu ka, kyuukyuu desu ka?" Moto au gari la wagonjwa? Jibu "kyuukyuu desu". Usiseme kinkyuu: hiyo ni "dharura" tu, haimwambii atume gari gani. Kisha taja mahali ulipo. Kama hujui, tafuta mashine ya kuuzia vinywaji. Kwa kawaida ina kibandiko cha anwani.

Kuwajulisha wenzako walio Japani kwamba u mzima, piga 171, huduma ya ujumbe wa sauti wakati wa maafa: bonyeza 1 kurekodi, 2 kusikiliza, kisha ingiza namba ya simu mliyokubaliana. Una sekunde 30. Tarehe 1 na 15 za kila mwezi huduma hiyo hufunguliwa kwa majaribio.