Kabla Hujaomba Kazi Yangu

Vijana wa kwetu waliokimbilia vyuo vya Marekani na sasa wamemaliza digrii huniuliza mara kwa mara: "Kaka, hiyo kazi ya kuwashauri wanamichezo masomo, naingiaje?" Wengi wanadhani ni ualimu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwenye chuo cha Division I, daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kazi hii ni hesabu. Ili aruhusiwe kushindana, mwanamichezo akiingia mwaka wa tatu awe na asilimia 40 ya krediti (alama za masomo aliyofaulu) za digrii yake, wa nne 60, wa tano 80. Kwa digrii ya krediti 120, hizo ni 48, 72 na 96. Nimezibandika chini ya skrini yangu, na kilichonifanya nizibandike ni aibu.

Kijana mmoja wa mbio za nyika, akimaliza mwaka wa pili, alikuja ofisini moja kwa moja kutoka mazoezini, slipa miguuni, barafu imefungwa gotini kwa plastiki, maji yanadondokea zulia langu. Baiolojia imemshinda, anataka uhasibu. Nikaangalia: krediti 54. Si zinatosha? Nikatia sahihi. Sikuhesabu ni ngapi zinazotambulika kwenye uhasibu, na zile maabara zote za kemia huko hazina kazi. Agosti tukakuta zimebaki 43. Kwa krediti tano, msimu mzima aliwatazama wenzake wakipanda basi. Kocha alininunia hadi Krismasi. Mamake akapiga simu kuuliza mtoto amekosa nini, nami sikuweza kumjibu, maana sheria ya faragha hairuhusu bila idhini ya mwanafunzi. Hebu fikiria kumwambia hivyo mama wa Iten.

Wenye F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, wana mtego wao: katika krediti 12 za muhula, somo la mtandaoni tupu linalohesabiwa ni moja tu. Mshauri asiyejua atampangia mwanafunzi matatu, kwa nia njema kabisa, eti kwa sababu ya safari za mashindano. Wewe uliyeishi na viza hiyo unalijua hilo. Liseme kwenye usaili.

Na insha ya mwanafunzi usiiguse. Atakubembeleza: "Niandikie utangulizi tu, basi linaondoka saa tisa." Kaa upande wa pili wa meza, mikono mbali na kompyuta yake. Ukimwandikia, utafukuzwa wewe, atafungiwa yeye, na chuo kinaweza kufutiwa matokeo ya mashindano.

Kuhusu kuingia: anza kama mkufunzi wa masomo wa kulipwa kwa saa, kisha tafuta nafasi ya msaidizi inayokulipia uzamili. Jiunge na N4A, chama chetu. Mshahara? Usijilinganishe na kocha, utaumia bure.

Simu nayo uilaze karibu. Basi likiwa njiani kurudi saa nane usiku, hakosi mmoja wa kukumbuka kwamba ana mtihani saa mbili asubuhi.