Maswali na majibu: Kusubiri majibu ya udahili wa uzamivu katika anthropolojia

Barua nyingi zilizofika msimu huu zimetoka kwa vijana walioomba kusoma shahada ya uzamivu ya anthropolojia katika vyuo vya Marekani, ambao sasa hawana la kufanya ila kungoja. Ninajibu sita kati ya hizo, baada ya kuzifupisha.

Mwalimu, shikamoo. Niliomba vyuo vinne, vyote kabla ya tarehe 15 Desemba. Sasa ni mwisho wa Februari na hakuna hata kimoja kilichoniandikia. Je, nimekataliwa? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Huwezi kujua bado, na sababu iko katika namna uamuzi wenyewe unavyofanywa. Jalada lako hukamilishwa kwanza kwa kungoja barua za mapendekezo na matokeo yako ya chuo, kisha hugawiwa wasomaji kulingana na tawi, kwa kuwa idara nyingi za Marekani, tangu enzi za Franz Boas, mwanzilishi wa taaluma hii huko Marekani, huweka pamoja anthropolojia ya utamaduni, akiolojia, anthropolojia ya kibiolojia na anthropolojia ya lugha. Kamati huwapanga waombaji kwa mfuatano, huwauliza walimu ambao wangewasimamia, na mwisho hupeleka mapendekezo kwa uongozi wa juu wa chuo, ambao ndio wenye mamlaka ya kutoa barua rasmi. Idara nyingi huchukua wanafunzi wasiofika kumi kwa mwaka, na baadhi huchukua wawili au watatu tu. Waliochaguliwa mwanzo huandikiwa kwa kawaida kati ya mwisho wa Januari na mapema Machi. Wanaowafuatia huachwa bila neno mpaka idara ijue ni wangapi waliokubali. Na barua za kukataa mara nyingi ndizo hutoka mwisho. Kwa hiyo kimya cha sasa kinamhusu aliyekataliwa, na kinamhusu pia aliyekosa nafasi ya kwanza kwa kura moja. Ukisikia kwamba mwenzako wa tawi lilelile amekwisha kuitwa na idara ileile, uwezekano wako umepungua, ingawa haujaisha.

Kuhusu kukesha, ambako umekutaja katika barua yako: ofisi za pwani ya mashariki ya Marekani ziko nyuma yetu kwa saa nane wakati huu, hivyo siku yao ya kazi huanza kwetu saa kumi na moja jioni na kwisha saa saba usiku. Lala. Lolote litakaloingia usiku utalikuta asubuhi, na hakuna jibu la udahili linalodai kujibiwa usiku uleule.

Wenzangu wawili wamehojiwa kwa video na mimi sijaitwa. Je, ni dalili mbaya? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea idara. Zipo zinazomhoji kila anayekaribia kuchaguliwa, na zipo zisizomhoji mtu yeyote. Kama wenzako wamehojiwa na idara uliyoomba, katika tawi lako, basi ni dalili isiyopendeza. Kama ni idara nyingine, haikuambii chochote.

Nimwandikie profesa niliyemtaja katika maombi yangu, kumuuliza hali ikoje? (Msomaji, Dodoma)

Usimwandikie yeye. Hana ruhusa ya kukueleza mjadala wa kamati, na ukimuuliza utamweka mahali pagumu. Andika kwa mratibu wa masomo ya uzamili na uzamivu wa idara, barua pepe moja fupi, baada ya katikati ya Machi. Ukiwa na jambo jipya la maana, kama vile makala iliyokubaliwa na jarida au ufadhili uliopata kwingine, waweza kuandika hata kabla ya hapo na kuomba liongezwe kwenye jalada lako.

Chuo kimoja kimenikubali na kuahidi ufadhili wa miaka mitano, lakini kile ninachokitamani zaidi kimeniweka kwenye orodha ya akiba. Nifanyeje? (Msomaji, Eldoret)

Hongera, dada. Una muda, na una haki ya kuutumia. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamivu, yasemayo kwamba aliyeahidiwa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Hakikisha tu kwamba vyuo vyako vyote viwili vimo katika makubaliano hayo.

Orodha za akiba husogea zaidi katika siku za mwisho kabla ya tarehe hiyo, waliochaguliwa kwanza wanapokataa. Mwandikie mratibu sasa, umweleze kwamba bado unakitaka chuo hicho na kwamba unayo nafasi kwingine, kisha muulize kama orodha yao hupangwa kwa tawi. Jibu la swali hilo ni muhimu, kwa sababu nafasi aliyoiacha mwanaakiolojia huenda isijazwe na mtu anayetaka kuchunguza waganga na hospitali.

Wakati huohuo, kipime kwa makini chuo kilichokukubali, kwa sababu "miaka mitano ya ufadhili" inaweza kuwa na maana tofauti sana. Uliza kama posho hulipwa miezi tisa au kumi na miwili, kama bima ya afya imo, na ni miaka mingapi utatakiwa kufundisha ili uipate. Uliza kama kuna fedha za safari ya utafiti wa awali wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote, uliza kama posho itaendelea utakapokuwa uwandani, kwa kuwa katika taaluma yetu mwanafunzi hukaa uwandani mwaka mmoja au zaidi, na idara nyingi humtarajia atafute fedha za kipindi hicho kwa mashirika ya nje kama Wenner-Gren, ambako ushindani ni mkali. Kisha waandikie wanafunzi wawili watatu waliopo sasa, uwaulize kuhusu msimamizi wako mtarajiwa: husoma kazi zao kwa muda gani, na wangapi wamemaliza mikononi mwake.

Tarehe 15 ikifika na orodha haijasogea, pokea nafasi uliyo nayo. Na kama unashikilia nyingine ambayo hutaitumia, iachie leo, kwa sababu kuna mtu kwenye orodha ya akiba ya chuo hicho anayengoja kama unavyongoja wewe.

Niliomba uzamivu; wamenijibu kwamba wanaweza kunipa nafasi ya uzamili wa mwaka mmoja, kwa ada yangu mwenyewe. Baba yuko tayari kuuza kiwanja. (Msomaji, Moshi)

Kiwanja kisiuzwe. Si wewe tu uliyepata barua hiyo. Vyuo kadhaa vya Marekani, Chicago kikiwa kimojawapo, vimekuwa vikiwaelekeza baadhi ya waombaji wa uzamivu kwenye programu zao za uzamili. Mafunzo yake yanaweza kuwa mazuri sana, na wapo waliopitia humo wakafika uzamivu, lakini hakuna anayekuahidi hatua ya pili. Jibu kwa heshima, uulize kama wanaweza kupunguza ada, na wasipoweza, ukatae. Uzamili wa nyumbani, uwe katika Idara ya Sosholojia na Anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au katika masomo ya anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, utakupa tasnifu na utafiti wa uwandani vilevile, na kamati ya ng'ambo huvithamini vitu hivyo.

Uliuliza pia kama kukosa uzamivu kunaonyesha kwamba hufai. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Chicago kilitangaza kusitisha udahili mpya wa uzamivu katika programu kadhaa za sanaa na sayansi ya jamii, na Harvard ikapunguza nafasi zake, kwa sababu ya fedha. Wengi wanaokataliwa msimu huu wamekataliwa na bajeti kabla jina lao halijasomwa.

Nimepata nafasi yenye ufadhili kamili, kuanzia Agosti, lakini naambiwa viza hazitolewi. Nikubali? (Msomaji, Kigoma)

Kwa tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza kadhaa, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Burundi ilikuwa imekwisha kuingizwa tangu Juni 2025. Msomaji wetu wa Eldoret hayumo katika zuio hilo, wewe umo. Idara iliyokuchagua inakutaka, na ina sababu ya kukusaidia, kwa hiyo wasiliana na ofisi yao ya wanafunzi wa kigeni kabla ya tarehe 15 Aprili. Uliza kama unaweza kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, na kama posho yako itaahirishwa pamoja nayo, kwa sababu baadhi ya vyuo huhifadhi nafasi bila kuhifadhi fedha. Uliza pia ni lini hasa unapaswa kulipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, usije ukailipa mapema bila sababu. Majibu yote yawe ya maandishi, na kazi yako ya sasa usiiache mpaka viza iwe ndani ya pasipoti.