Namba ya Ajabu Iulize Ilianza Kuhesabu Lini

Mwaka 2024 mama mwenye nyumba wangu alinigongea mlango, simu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amenunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi elfu kumi, na badala ya tokeni moja ya tarakimu 20 zikamjia tatu. "Mwanangu, hizi nyingine ni za nani?" Mtaani maneno yalikuwa yameshaenea: mita zinachezewa ili uniti ziishe haraka.

Wewe unayeanza leo kuandika habari za teknolojia, nakuanzishia na mama huyu kwa sababu swali lake lilikuwa bora kuliko habari nyingi nilizosoma majuma yale. Habari zilitaja tarehe ya mwisho ya kuingiza tokeni hizo za ziada, zikaeleza namna ya kuingiza tarakimu, zikaishia hapo. Kwa nini hasa? Kimya. Na pale mwandishi anaponyamaza, mtaa hujijibu wenyewe.

Jibu lilikuwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mita hizi hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo STS, na kila tokeni hubeba namba inayoonyesha dakika ngapi zimepita tangu 1 Januari 1993. Namba hiyo imetengewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, nazo hubeba hesabu 16,777,216 tu. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, unapata siku 11,650 na ushee. Zihesabu kuanzia 1993, zinakudondosha 24 Novemba 2024. Hapo kibuyu kimejaa na hesabu inarudi sifuri. Mita imefundishwa kukataa tokeni iliyopitwa na wakati, kwa hiyo tokeni mpya kabisa ingeonekana kwake ya kale. Zile mbili za ziada zilikuwa za kuiambia mita ianze hesabu nyingine, inayohesabiwa tangu 2014. Hazikubeba uniti wala hazikugusa bei. Kazi hiyo ilifanyika katika nchi nyingi zenye mita za aina hiyo, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo.

Nilimwandikia mama hesabu yote nyuma ya risiti. Aliisoma mara mbili, akaenda kuingiza tokeni zake moja baada ya nyingine kama zilivyokuja.

Mazoea haya ya kuiuliza namba asili yake sikuyapata chumba cha habari. Niliyapata Kariakoo, nilikokuwa fundi simu kwa miaka sita. Siku moja waliingia mume na mke hawasemeshani. Mke alikuwa amekuta kwenye simu ya mume ujumbe wenye saa 9 usiku, na alitaka fundi amsomee ukweli. Nikatazama tarehe: 1 Januari 1970. Mume mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Betri ya simu ile ilikuwa imekufa kabisa, saa yake ikapoteza kumbukumbu, na simu nyingi zikipoteza saa huangukia sifuri. Sifuri yao ndiyo hiyo, kwa sababu Unix, mfumo wa kompyuta ambao simu nyingi zimerithi hesabu yake, huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, ndiyo maana huku kwetu kosa hilo lina saa yake maalumu: saa 9 usiku. Simu ya namna hiyo ikiwa New York, itaandika 31 Desemba 1969. Niliwawekea simu nyingine mezani, nikairudisha saa yake nyuma wakaona wenyewe. Sijui waliyomaliza nyumbani, lakini walitoka dukani wakizungumza.

Kwa hiyo namba ikikushangaza, kabla hujatafuta mtaalamu wa kukupa nukuu, shika kikokotoo. Zizoee sura chache. 16,777,216 umeshaiona. Nyingine ni 2,147,483,647, ukomo wa hesabu ya biti 32 pale biti moja inapoachwa kwa alama ya chanya au hasi. Desemba 2014 video ya wimbo wa Gangnam Style ilipotazamwa YouTube kuipita namba hiyo, vichwa vya habari dunia nzima vilitangaza kwamba wimbo umeuvunja mtandao huo. Haukuvunja kitu. Wahandisi walikuwa wameliona jambo hilo mapema na kupanua kaunta, yaani nafasi ya kuhesabia watazamaji, na namba zilizokuwa zikizunguka kwenye ukurasa ule ziliwekwa makusudi kama mzaha. Mzaha ukaandikwa kuwa ajali.

Miezi michache baadaye, 2015, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu vidhibiti vya majenereta vikikaa vimewashwa siku 248 mfululizo vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Watu waliiona 248 kama namba iliyookotwa. Chukua 2,147,483,647, ifanye iwe sehemu za mia za sekunde, zigeuze siku: unapata 248 na nusu. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilisimama kitini. Na ukiielewa, unaandika kwa haki: hatari ilikuwa ya kweli, lakini ilihitaji ndege ikae miezi minane bila kuzimwa hata mara moja. Abiria anastahili kuambiwa yote mawili katika aya moja.

Kuwa macho lakini, si kila namba ngeni ni kaunta iliyojaa. Diski ya terabaiti moja inayosomeka GB 931 kwenye Windows haijapunjwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ila flashi ya terabaiti mbili inayouzwa bei ya chakula cha mchana, hiyo ni ya bandia. Imefundishwa kudanganya ukubwa wake, na ukishaijaza kupita uwezo wake faili zako zinapotea. Ukitaka kuipima, ijaze mafaili mpaka mwisho kisha uyafungue yote, ya mwanzo na ya mwisho.

Zile sekunde za 1970 nazo, katika vifaa vinavyozihifadhi kwa biti 32, zitajaa Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Simu na kompyuta za sasa nyingi zimeshahamia biti 64. Wasiwasi wangu uko kwenye kamera za ulinzi, mageti na mashine za viwandani, vitu ambavyo hufungwa ukutani na kusahaulika. Utakapotumwa kuandika uzinduzi wa mradi wa aina hiyo, ngoja hotuba ziishe, mfuate fundi aliyeufunga, umwulize saa yake ina biti ngapi.