Damu 9.8, sahani mbili mbili, na vidonge vinavyofunga choo: jibu langu refu

Mdogo wangu, umeuliza mambo manne kwa mkupuo. Una mimba ya kwanza, miezi mitano, damu (himoglobini) imepimwa ikaonekana 9.8, yaani gramu kwa kila desilita. Nyumbani wanakulisha sahani mbili mbili kwa sababu "unakula kwa ajili ya wawili". Vidonge vya kuongeza damu vimekufunga choo mpaka unafikiria kuviacha. Na unataka kujua ukishajifungua utaanza lini kupunguza mwili. Mimi si daktari wala mkunga. Nimezaa mara mbili; mimba ya kwanza niliibeba kijinga, ya pili nikaibeba kwa akili kidogo. Nachokuandikia ni hiyo tofauti.

Tuanze na damu, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe.

Kwa mjamzito, chini ya 11 (miezi mitatu ya kati, chini ya 10.5) tayari ni upungufu. Usidhani kwamba wewe peke yako una kasoro: mimba ikikua, ujazo wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, lakini maji yake huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Damu inakuwa nyepesi, na wakati huohuo mtoto na kondo la nyuma wanavuta madini ya chuma kutoka kwenye akiba yako. Akiba ikiwa ndogo tangu mwanzo, namba inashuka.

Mimi nilianza na 10.4. Nikapewa vidonge, nikavimeza bila kuruka hata siku moja. Miezi miwili baadaye nikapimwa: 9.1. Nesi wa kwanza akanigombeza kwamba simezi. Nikaapa kwamba nameza, hakuniamini. Safari iliyofuata nikamkuta mkunga mwingine, mama mtu mzima asiye na haraka, naye hakuniuliza kama nameza. Aliniuliza, "Unameza na nini?"

Nilikuwa nameza na chai ya maziwa, kila asubuhi, kwa sababu kidonge kwenye tumbo tupu kilinitia kichefuchefu. Kumbe chai ina vitu vinavyoyashika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, kahawa hali kadhalika, na kalsiamu ya kwenye maziwa nayo inazuia. Miezi miwili nilikuwa nameza dawa pamoja na kizuizi chake kwenye kikombe kimoja! Tukahamisha kidonge kikawa cha usiku kabla ya kulala, pamoja na chungwa au glasi ya juisi ya matunda, kwa sababu vitamini C inasaidia madini hayo kupita. Chai nikaiweka mbali na kidonge kwa saa mbili hivi. Baada ya wiki sita nilikuwa 10.9. Chakula changu kilikuwa kilekile, na kidonge ni kilekile.

Kwa hiyo kabla hujatafuta juisi za ajabu unazotajiwa huko kwenye makundi ya simu, jiulize swali la yule mama. Na kama umepewa pia vidonge vya kalsiamu, usivimeze kwa pamoja na vya chuma, vitenganishe kwa saa kadhaa.

Kuhusu choo kigumu: usiviache kimyakimya. Rudi useme. Kuna namna ya kubadilisha aina ya kidonge, au muda, au dozi, lakini abadilishe aliyekuandikia. Kinga ya kawaida kwa mjamzito asiye na tatizo ni miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kwa siku. Aliyekwisha pungukiwa huweza kupewa 120 mpaka namba ipande. Ndiyo maana usilinganishe kidonge chako na cha rafiki yako. Mimi kilichonisaidia ni maji ya kutosha, maharage na dengu, matunda yenye nyuzinyuzi, na kutembea nusu saa jioni. Choo kuwa cheusi ni kawaida ya vile vidonge, usishtuke. Tena uliza kama wameangalia sababu nyingine, maana si kila damu pungufu inatokana na chuma peke yake: kuna minyoo, malaria, selimundu, upungufu wa foliki asidi au wa vitamini B12. Ukitibu kisichokuuma utazunguka hapohapo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulionea aibu. Je, una hamu ya kutafuna barafu, au udongo, au chaki? Mimi nilikuwa naamka usiku kutafuna barafu za friji mpaka mume wangu akadhani panya wameingia jikoni. Nilidhani ni vituko tu vya mimba. Hamu ya namna hiyo huenda sambamba na upungufu wa madini ya chuma, na yangu iliisha yenyewe namba ilipopanda. Ikiwa unayo, itaje kliniki, hakuna atakayekucheka, na udongo uuache kabisa.

Sasa sahani mbili mbili. Hili neno la "kula kwa ajili ya wawili" lilinipa kilo 23 kwenye mimba ya kwanza, na mtoto akazaliwa na kilo 3.1 tu, nyingi kati ya zilizobaki nilibaki nazo mimi. Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Miezi mitatu ya kati unahitaji kama kalori 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450. Hizo 340 ni mayai mawili, kipande cha mkate na glasi ya maziwa. Basi. Sahani nzima ya pili haimo humo. Kwa mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa wastani, kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima ndiko kunakotarajiwa. Aliyeanza mwembamba huruhusiwa zaidi, aliyeanza mnene pungufu ya hapo. Usijinyime kula, mimba si wakati wa kupunguza mwili, lakini kinachotakiwa kuongezeka zaidi ni ubora wa kilichomo kwenye sahani: nyama au samaki au mayai, jamii ya kunde, mboga za majani za kijani kibichi, matunda, maziwa. Kipimo cha sukari hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28, kwa hiyo chako kinakaribia. Usikikwepe eti kwa sababu ile glukozi unayonyweshwa inachefua.

Maini nayataja peke yake kwa sababu kila mtu atakuambia ule maini kwa ajili ya damu. Ni kweli yana chuma kingi. Yana pia vitamini A nyingi mno ya aina ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na Uingereza wajawazito huambiwa wasiyale kabisa. Mimi niliyaacha. Vingine unavijua: nyama na mayai yaive vizuri, maziwa yawe yamechemshwa au kupashwa joto kiwandani kuua vijidudu, pombe usiguse, kahawa isizidi vikombe viwili vidogo.

Foliki asidi najua wamekuanzishia. Ila kwa mtoto wa pili, ukifika huko, ianze kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba itungwe, na siku hiyo wengi wetu bado tunahesabu kwamba hedhi imechelewa tu.

Kuanzia wiki ya 28 lala kwa ubavu. Ukijikuta umelala chali usiku, usipatwe na hofu, geuka tu. Na usisubiri tarehe ya kliniki ukiona damu, kichwa kikuuma vibaya, macho yakiona ukungu, uso na mikono vikivimba ghafla, homa, au mtoto akipunguza kucheza. Nenda siku hiyohiyo.

Haya. Sasa lile ambalo hujaliuliza, kwa sababu na mimi sikuliuliza: utakula nini baada ya kujifungua?

Miezi tisa kila mtu alikuwa anachungulia sahani yangu. Mtoto akatoka, macho yote yakahamia kwake, yangu pia. Wiki ya pili nilisimama jikoni mikono inatetemeka, nikatazama saa: saa kumi jioni, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha chai. Mtoto alikuwa amenyonya mara saba. Kunyonyesha kunachoma kama kalori 500 kwa siku, yaani zaidi ya mimba yenyewe, na ndio wakati mtu anasahau kula. Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu katika mimba ya kwanza, ningerekebisha wiki hizo sita.

Kwa mtoto wa pili nilijipanga. Pale ninapokaa kunyonyesha paliwekwa kikapu chenye chakula cha kuliwa kwa mkono mmoja: mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, mkate uliokwisha pakwa. Chupa ya maji pembeni. Mtoto akishika titi, na mimi nakula. Wageni waliouliza "nilete nini?" niliwajibu chakula kilichopikwa, nguo za mtoto zinatosha. Maji kunywa kwa kiu yako. Usijilazimishe lita kwa lita ukidhani ndiyo maziwa. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara na kulimaliza titi. Anapotimiza miezi sita ndipo anapohitaji kingine.

Vidonge vya damu navyo havikomi leba. Wengi huambiwa waendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na sheria ya chai ni ileile. Nilipoacha mapema mara ya kwanza nilidhani uchovu ule ni wa kukosa usingizi tu.

Mkojo ukikuponyoka unapopiga chafya, usinunue pedi ukanyamaza kama nilivyofanya mimi mwaka mzima. Kuna zoezi la kukaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, unahesabu hadi tano unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Usilifanye wakati unakojoa. Linachukua miezi, ila linafanya kazi.

Na machozi. Siku ya tatu hadi ya tano utalia bila sababu, huenda ukalia kwa sababu ya soksi. Hiyo hupita ndani ya wiki mbili. Yangu haikupita. Wiki ya sita nilipewa karatasi ya maswali kumi, ile iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 na inayotumika nchi nyingi, na swali la kumi linauliza kama katika siku saba zilizopita umewaza kujidhuru. Nilikaa na kalamu muda mrefu nikiogopa kwamba nikisema kweli nitanyang'anywa mtoto. Nikasema kweli. Hakuna aliyeninyang'anya. Nilipata mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na mume wangu akachukua zamu ya kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa, kwa maziwa niliyokamua, nikapata saa nne za usingizi mfululizo. Zile saa nne ndizo zilizonirudisha. Ila mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hayo si ya kusubiri wiki ya sita. Ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Hali kadhalika damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata.

Nimalizie swali lako la kupunguza mwili. Wiki sita za kwanza usijinyime chochote. Baadaye, maziwa yakishatulia, kupungua nusu kilo kwa wiki hakudhuru kunyonyesha. Mimi nilianza kwa kutembea dakika kumi nikimsukuma mtoto, sikupima uzito mpaka mwezi wa nne. Suruali zangu za zamani zilinikubali tena mwezi wa kumi na moja, isipokuwa moja ya bluu. Hiyo nilimpa dada yangu.