Usipake rangi juu ya vipele vya bati la ndege

Mdogo wangu, usiipake rangi hiyo ndege. Umeuliza tochi gani ununue na mtihani wa leseni ya ufundi wa ndege ukoje, kisha ukataja kwa kupita tu kwamba rangi imevimba vipele kando ya safu ya ribiti, yaani pini zinazobana mabati ya ndege pamoja, na kwamba mkubwa wako amekuagiza usugue, upake, na uchunguzi usubiri matengenezo makubwa. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Malindi, nikayatii, na hadi leo yananiuma.

Ndege yangu ilikuwa ikienda Nairobi, Malindi na Lamu siku nenda siku rudi, na msimu wa kusi ililala nje ikipigwa na upepo wa chumvi. Vipele vilikuwa vitatu, kila kimoja kama punje ya mtama. Nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ulitoka unga mweupe, mkavu kama chokaa. Unga huo ndio kutu ya alumini; hauwi mwekundu kama kutu ya nondo za madirisha yetu, ndiyo maana watu huudharau. Mkubwa wangu aliutazama kwa mbali, akasema ni chumvi ya bahari tu, akanipa brashi ya waya wa chuma. Nikasugua, nikapaka, nikatia saini kwamba kazi ni sawa. Brashi ile iliacha chembe za chuma ndani ya alumini, nazo huchochea kutu upya, na rangi mpya ikaufungia unyevu ndani.

Miezi saba baadaye, walipofungua paneli za ndani katika hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, bati lilikuwa limechambuka tabaka kwa tabaka kama kitabu kilicholoa maji. Kipimo cha mikondo ya umeme kikaonyesha nyufa zisizoonekana kwa jicho, zikitoka tundu la ribiti moja kuelekea la pili. Bati lilikatwa lote, ndege ikakaa chini wiki sita, nami nikanyang'anywa idhini ya kutia saini. Aliyenituma alikana kwamba aliwahi kutamka neno. Sijamsamehe, kwa kuwa aliyetengeneza ndege za pwani miaka 20 hawezi kusema haujui unga ule, na kwa miezi saba tuliwapandisha watu na watoto wao juu ya nyufa zile.

Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, visiwani penye chumvi kama kwetu, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilibanduka paa la mbele ikiwa futi 24,000 angani, na mhudumu mmoja akavutwa nje akafa. Ilikuwa imekwisha kuruka safari fupi fupi zaidi ya 89,000. Kila ipandapo, hewa ya ndani huitanua bodi, na ishukapo hunywea. Mabati yaliyolaliana yakishaachana gundi na kutu ikaingia, mzigo wote hubebwa na matundu ya ribiti.

Kwa hiyo, bandua rangi mpaka bati lenyewe lionekane, pima unene uliobaki, ulinganishe na kiwango cha kitabu cha mtengenezaji, na usifunike usichokipima. Kesho asubuhi, kabla hujagusa kopo la rangi, iandike kasoro hiyo katika daftari la ndege kwa wino na jina lako, ili yeyote atakayetaka iruke alazimike kutia saini yake chini ya maneno yako.