Boti yangu niipeleke mbali kiasi gani?

MASWALI YA ZIWANI

Swali: Jambo sana, Mzee Fundi. Mimi ni kijana wa Kyeshero, hapa Goma. Nimenunua boti ya mbao ya mita tano, na kaka yangu mkubwa anayeishi Tanga amenitumia mota yenye nguvu za farasi 15, iliyokwisha kutumika. Yeye huvua baharini. Ananiambia mvuvi asiyevuka mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani anachezea maji tu, na kwamba yeye hufika hata maili kumi. Mimi nataka kutega nyavu za sambaza, wale samaki wadogo, usiku, pamoja na mdogo wangu mmoja. Kwa ziwa letu la Kivu niende kilometa ngapi? Na mbona mota hii haina nguvu aliyonisifia kaka?

Jibu: Jambo, mdogo wangu. Nianze na mota, maana ndiyo iliyonilisha tangu nilipokuwa kijana kama wewe.

Kaka yako hakukudanganya. Mota yake ilikuwa na farasi 15 kule Tanga, mahali ambapo nchi na bahari ni kimo kimoja. Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mota huvuta hewa kabla ya kuvuta mafuta. Hesabu yetu mafundi ni kwamba kila mita mia unazopanda, mota inapoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake. Kwa hiyo farasi wawili wamebaki njiani, umepokea 13. Tena kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani itamwaga mafuta mengi kupita kiasi: utaona moshi, na buji, yaani plagi za kuwashia, zitakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Mpelekee fundi akuwekee jikleri ndogo zaidi, kile kitundu cha kupitishia mafuta katika kabureta, na kama boti yako ni nzito, akutafutie elisi, yaani panga la kusukuma maji, yenye mkunjo mdogo. Usikubali mtu akuambie fungua silinda kwanza. Huyo anataka pesa yako.

Sasa kuhusu umbali. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo maili kumi za kaka yako ni zaidi ya kilometa 18. Ukizitafuta hizo kutoka Goma kuelekea kusini, utakuwa katikati ya maji, kisiwa cha Idjwi bado kiko mbele yako na nyumbani hupaoni. Kaka anakwenda huko kwa sababu samaki anaowataka, jodari na wenzake, wanapita nje ya mwamba. Sambaza wetu hawana tabia hiyo. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu wakati huo wamejifunza nyumba yao. Mchana wanashuka, usiku wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula, na taa inawavuta juu. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 470, lakini samaki anaishi katika ghorofa ya juu tu, mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna hewa ya kupumua. Basi kwenda mahali penye maji marefu zaidi hakukuongezei sambaza hata kopo moja.

Mimi simuulizi mvuvi kilometa. Namuuliza: mota ikizimika hapa ulipo, utarudi kwa kafi saa ngapi?

Jipime wewe na mdogo wako. Siku ya maji matulivu, tieni nyavu zote ndani, zimeni mota mbele ya Kyeshero, mpige kafi kuelekea nyumbani huku mkitazama saa. Watu wawili wenye nguvu, na boti ya mbao yenye mzigo, wanakwenda kama kilometa mbili kwa saa, tatu wakijikaza. Upepo ukiwa usoni, toeni nusu. Mota yako, hata na farasi wake 13, itakwenda kilometa 12 kwa saa bila kulalamika. Maana yake robo saa ya mota ni saa moja na nusu ya kafi. Robo saa hiyo ni kilometa tatu. Hapo ndipo ningekuwekea kamba kwa mwaka wako wa kwanza: kilometa tatu, usiku usio na dalili ya mvua. Ukishaijua boti, na ukipata wa tatu wa kupiga kafi, tutazungumza tena.

Lakini usikae karibu mno pia. Sambaza wadogo hukulia kandokando, kwenye vihori na majani. Anayetega pale kwa chandarua cha mbu anavuna mbegu. Ukitoka kilometa moja hivi unakutana na wakubwa.

Nitakueleza kwa nini ninaogopa kilometa tano. Mwaka 2009 nilitoka na shemeji yangu, saa mbili ya usiku, tukaenda mbali kuliko kawaida kwa sababu karibu kulijaa taa za wengine na mimi nilikuwa na kiburi cha mota mpya. Saa nane ya usiku mota ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Mafuta niliyonunua kwenye bidoni, yaani dumu, kando ya barabara yalikuwa na maji. Kafi tulikuwa nayo moja tu. Ya pili niliiacha nyumbani, mke wangu alikuwa anaegemeza nayo mlango. Unajua upepo wa usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani: kila tulipopiga kafi mia, ulituchukua tena. Tuliona taa za Goma zikipungua, halafu umeme ukakatika na zikapotea zote pamoja. Asubuhi, saa tatu kasoro, wakapita wavuvi wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanarudi wakiimba. Wakatuvuta. Bei yao ilikuwa taa yangu. Niliwapa na kushukuru, ila wimbo waliouimba njia nzima ulihusu mtu mwenye mota anayevutwa na wenye kafi, na shemeji alicheka hadi bandari ya Kituku, hapa Goma.

Nanga isingetusaidia. Kaka yako akizimika ndani ya mwamba anatupa nanga na kulala. Huku ukingo unaporomoka haraka, na kamba yako ya mita 30 itaning'inia tu bila kugusa kitu. Badala yake chukua ndoo yenye mpini imara, au gunia lililotobolewa chini, ulifunge kwa kamba ndefu mbele ya boti. Linaburuta maji, linashikilia pua ya boti itazame mawimbi, na linapunguza mwendo wa kuchukuliwa. Mawimbi ya Kivu ni mafupi na yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi. Ukiyapa ubavu yanaingia ndani.

Kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa kusini unapata nafasi ya kukimbia juu ya maji mapana kabla ya kufika kwetu, na unasukuma boti kwenye mawe ya lava ya Goma, ambayo ni makali kama chupa iliyovunjika. Usizime mota ukiwa karibu nayo siku hizo. Majira ya mvua shida ni nyingine: wingu jeusi, radi, na kimbunga cha dakika ishirini. Ukiona umeme unapiga upande wa mji wa Sake, magharibi, au juu ya Idjwi, usingoje kuvuta wavu wote. Kata kamba, funga dumu kwenye wavu lielee, rudi. Wavu hununuliwa.

Tena angalia mashariki. Goma na Gisenyi zimegusana, na mpaka unaendelea ndani ya maji bila ukuta wala kamba. Wavuvi wa pande zote mbili wameshikwa na kunyang'anywa vyombo kwa kuchukuliwa na upepo tu. Simu yako ikikukaribisha Rwanda, umekwisha kwenda mbali upande usiofaa. Wewe wa Kyeshero, tega kuelekea kusini na magharibi.

Mafuta: mota hiyo ikikanyagwa mpaka mwisho inakula lita sita au saba kwa saa. Gawa bidoni mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu usiliguse. Chuja yote kwa kitambaa kizito. Kafi mbili, jile mbili, yaani makoti ya kuelea, zilizovaliwa na si zilizokaliwa, tochi, filimbi, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Oktoba 2024 sote tuliona watu wakizama mbele ya Kituku, nchi kavu inaonekana, jamaa wamesimama ufukweni. Kwa hiyo jile ivae hata kwenye mita mia.

Na wiki ya mbalamwezi pumzika. Taa haivuti sambaza mwezi ukiwa mkubwa, utachoma mafuta bure.

Swali: Mzee, mimi ni mama wa watoto wanne, niko Buhimba. Mume wangu anavua. Majirani wananiambia gesi ya ziwa itameza boti yake siku moja akienda katikati. Ni kweli?

Jibu: Mama, gesi ipo, nyingi sana, lakini iko chini kabisa, imeyeyuka ndani ya maji na imekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Haipandi kumtafuta mvuvi. Wataalamu wanaichunguza, na Rwanda wanaivuta kutoka chini kutengeneza umeme. Mume wako ana hatari zaidi na upepo na bidoni chafu, kama ulivyosoma hapo juu.

Ila kuna gesi moja ya kumwambia, na hiyo haiko katikati. Ni mazuku, ya nchi kavu. Kati ya Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo kando ya maji ambamo hewa nzito inatulia, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haionekani na haina harufu ya kukuonya. Wavuvi wakichoka hupenda kuvuta boti pwani na kulala penye kiota cha mawe, pasipo na baridi. Mahali hapo hapo ndipo inapojikusanya. Mwambie akishindwa kufika nyumbani alale juu ya kilima, au alale ndani ya boti ikiwa imefungwa mahali palipo wazi penye upepo. Na akiona ndege au panya waliokufa katika shimo, asiingie kuwaokota.